Kemia ya sekondari katika jiko, maji na pombe ya Kibera na Kawangware

JUA linapotua mtaani Kibera, majiko ya makaa hutolewa nje ya milango. Kila mtu huwasha lake kwa karatasi, vijiti au mafuta ya taa kidogo, akalipepea kwa kipande cha katoni na kusubiri moshi uishe. Makaa yakishakuwa mekundu, jiko huingizwa ndani, ugali ukasongwa, na nyakati za baridi ya Juni na Julai likaachwa papo hapo lipashe chumba joto watu wakilala.

Wengi wanaamini kuwa moshi ndio hatari, na kwamba ukishatoweka hakuna tena la kuogopa. Kwa mwanakemia, mambo ni kinyume. Gesi inayoua haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho, nayo hutoka wakati ambapo jiko linaonekana safi kabisa.

Habari za gesi hiyo zimo katika kitabu cha kemia cha kidato cha pili. Mchoro wa jiko la makaa ni miongoni mwa michoro inayofahamika sana katika vitabu vya Kenya, na mtahiniwa wa KCSE huweza kutakiwa aeleze kinachotendeka chini, katikati na juu ya makaa. La kushangaza ni kwamba mwanafunzi anaweza kujibu swali hilo akapata alama zote, kisha akarudi nyumbani Gatwekera, Laini Saba au Kawangware akalala na jiko chumbani.

Makala haya yanafafanua dhana kuu za kemia ya sekondari kwa kufuata vitu ambavyo wakazi wa mitaa hii miwili ya Nairobi huvishika kila siku.

Jiko na hewa

Makaa ni kaboni kwa sehemu kubwa. Kaboni ni elementi, yaani kitu ambacho hakiwezi kugawanywa kwa njia za kemia kikatoa vitu sahili zaidi. Chembe ndogo kabisa ya elementi ni atomi, na atomi ya kaboni ina protoni 6 katika kiini chake na elektroni 6 zinazokizunguka: 2 katika mzingo wa ndani na 4 katika mzingo wa nje.

Elektroni hizo 4 za nje ndizo zinazoifanya kaboni iwe hodari wa kushikamana na vitu vingine. Hushikamana na oksijeni, na haidrojeni, na hata na atomi nyingine za kaboni. Almasi na ncha ya penseli zote ni kaboni. Zinatofautiana tu katika jinsi atomi zilivyopangwa. Mrusi Dmitri Mendeleev alipochapisha jedwali lake la elementi mwaka wa 1869, hakuna aliyejua habari za elektroni, lakini alikuwa ameshatambua kuwa elementi zenye tabia zinazofanana hurudi kwa mpangilio.

Tulirudie jiko. Hewa huingia kupitia kile kidirisha cha chini cha kutolea majivu. Hapo oksijeni ni tele, na kila atomi moja ya kaboni hujipatia atomi mbili za oksijeni. Matokeo yake ni kaboni dioksidi, ambayo wengi huiita hewa ya ukaa, na ishara yake ni CO2. Joto nalo hutoka kwa wingi.

Gesi hiyo hupanda na kupita katikati ya makaa mekundu. Huko oksijeni imekwisha, na kaboni iliyowaka moto huinyang'anya kaboni dioksidi atomi moja ya oksijeni. Kutoka kwa CO2 moja na C moja hupatikana CO mbili. Hii CO ndiyo kaboni monoksidi, ile gesi tuliyoanza nayo.

Ikifika juu ya makaa, kaboni monoksidi hukutana na hewa safi na kuungua, ikawa kaboni dioksidi tena. Ndimi za samawati zinazocheza juu ya makaa, ambazo kila mpishi ameziona, ni kaboni monoksidi inayoungua. Basi jiko lililo nje au mahali penye upepo hujisafisha lenyewe kwa kiasi fulani. Katika chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua, ndimi zile hufifia, na gesi hutoka bila kuungua. Makaa yanayofuka chini ya majivu usiku wa manane ni mabaya zaidi kwa sababu yamepoa kiasi cha kutoweza kuunguza gesi hiyo, ila hayajapoa kiasi cha kuacha kuitoa.

Ndani ya mwili, kaboni monoksidi hujibandika kwenye hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na hujibandika kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida ilhali damu yake haibebi kitu. Kwanza kichwa humuuma, kisha hupata kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu ambao ni rahisi kuudhania malaria. Akiwa usingizini hayahisi hayo yote.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama dhana inayowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tatu, yaani moli. Moli ni njia ya kuhesabu atomi kwa kutumia mizani. Gramu 12 za kaboni zina moli 1 ya atomi, na moli 1 ya gesi yoyote ile, katika joto la kawaida la chumba, hujaza lita 24.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho kipimo kinachotajwa sana na wapangaji wa Nairobi. Ni takriban mita 3 kwa 3. Tuseme paa liko mita 2.5 kutoka sakafuni. Chumba hicho kina mita 22.5 za ujazo, yaani lita 22,500 za hewa, ukipuuza nafasi ya kitanda na vyombo.

Gramu 12 za kaboni, ambazo ni vipande vichache vidogo vya makaa, zikigeuka zote kuwa kaboni monoksidi zitatoa lita 24. Gawanya 24 kwa 22,500. Jibu ni takriban sehemu 1 katika kila 1,000. Katika kiwango hicho, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa muda wa saa mbili hivi.

Hesabu hii ina upungufu wake. Si kaboni yote inayogeuka kuwa gesi hiyo, na nyumba za mabati zina nyufa zinazopitisha hewa. Hata hivyo, mkebe mmoja wa makaa una mamia ya gramu, na wakati wa baridi nyufa hizo huzibwa kwa magazeti na vitambaa. Yaani watu huziba kile kilichokuwa kikiwaokoa.

Aidha, jiko lenye kauri ndani, ambalo lilienezwa nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutengenezwa na mafundi wa jua kali, hupunguza sana matumizi ya makaa kwa kuhifadhi joto. Lakini wanaodhani kuwa limeondoa gesi hatari wanajidanganya. Dawa ni mlango na dirisha kuwa wazi wakati wa kupika, na jiko kutolewa nje kabla ya kulala. Aliyezidiwa na gesi hutolewa kwenye hewa safi mara moja na kupelekwa hospitalini, ambako hupewa oksijeni.

Mafuta ya taa na gesi ya mtungi

Mafuta ya taa, petroli, dizeli na gesi ya kupikia ni jamii moja: misombo ya kaboni na haidrojeni. Msombo ni kitu kilichoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoshikamana kwa kipimo maalumu. Hutofautiana na mchanganyiko, ambao vitu vyake vimekaa pamoja tu bila kushikamana na vinaweza kutenganishwa.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko. Huchemshwa katika mnara mrefu, na kila kundi hutolewa mahali pake kulingana na kiwango chake cha kuchemka: gesi juu, petroli chini yake, kisha mafuta ya taa, halafu dizeli. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa Changamwe, Mombasa, hadi kiwanda cha kusafisha mafuta kilipoacha kusafisha mwaka wa 2013, na tangu hapo Kenya huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa.

Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi, ilhali mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto. Ndiyo sababu stovu ya mafuta ya taa iliyotiliwa mafuta yenye petroli hulipuka. Moto wa Sinai, eneo la viwandani la Nairobi, mnamo Septemba 12, 2011, ambao uliua watu wanaozidi 100, ulitokana na petroli iliyovuja kutoka kwa bomba na mvuke wake kupata moto.

Gesi ya mtungi nayo ni propani na butani. Molekuli ya propani ina kaboni 3 na haidrojeni 8, kwa hivyo uzito wake ni 44, ilhali wastani wa hewa ni takriban 29. Tofauti hiyo ndogo ya hesabu ina maana kubwa: gesi ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, bali hushuka na kutandaa sakafuni. Afunguaye dirisha la juu peke yake hajaiondoa. Afungue mlango, wala asiwashe wala kuzima taa. Harufu mbaya ya gesi hiyo hutiwa makusudi kiwandani, kwa maana propani na butani zenyewe hazinuki.

Gesi iliyo nyepesi kuliko hewa ni methani, CH4, iliyo ndogo kuliko zote katika jamii hiyo. Kibera imeifahamu kwa njia ya pekee. Kuanzia miaka ya 2000, shirika la Umande Trust limeshirikiana na makundi ya wakazi kujenga vyoo vya umma ambavyo uchafu wake huozeshwa katika tangi lisiloingia hewa, bakteria wakautoa methani inayopelekwa kwenye majiko ya jamii. Kituo cha TOSHA kilichoko Gatwekera ni mojawapo. Wapo waliokataa mwanzoni kula chakula kilichopikwa kwa gesi ya choo. Waama, hilo ni suala la moyo wala si la kemia, kwani methani ikishaungua hugeuka kaboni dioksidi na maji, sawa na gesi ya dukani.

Maji na klorini

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, husafishwa Ng'ethu, na hufika jijini yakiwa yametiwa klorini. Tatizo la Kibera huanzia kwenye mifereji ya plastiki inayopita ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yakikatwa kwa mgao, msukumo ndani ya mfereji hupungua, na uchafu wa nje hufyonzwa kupitia nyufa.

Klorini ina elektroni 7 katika mzingo wake wa nje na inapungukiwa na moja tu. Ulafi wake wa kuipata hiyo moja ndio nguvu yake. Ikikutana na sodiamu, yenye elektroni 1 ya nje inayotaka kuitoa, metali hatari na gesi ya sumu hugeuka kuwa chumvi ya mezani. Ikikutana na bakteria, huharibu vitu vilivyouunda mwili wao.

Ulafi huo hauchagui. Klorini hushambulia pia matope, majani na uchafu wowote ule, ikaisha kabla ya kuwafikia viini vya maradhi. Hiyo ndiyo sababu maji machafu huachwa yatulie kwanza, yakachujwa kwa kitambaa, au yakatiwa shabu ili matope yagandamane na kuzama. Dawa ya maji inayouzwa madukani huwa na hipokloraiti ya sodiamu. Hutiwa kwenye mtungi wa lita 20 kwa kipimo kilichoandikwa, yakakorogwa na kusubiriwa nusu saa. Wanaokunywa papo hapo wanailipia dawa bure, kwa kuwa mmenyuko wa kemia unahitaji muda wake.

Njia nyingine iliyoenezwa Kibera katika miaka ya 2000 ni kuyaweka maji maangavu katika chupa za plastiki zisizo na rangi na kuzilaza juu ya paa kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Miale ya jua huua viini. Njia hii haina gharama, ila maji yenye tope hayafai.

Hipokloraiti hiyo hiyo, ikiwa na nguvu zaidi, ndiyo dawa ya kung'arisha nguo. Hapa kuna onyo linalowahusu hasa akina mama na vijana wanaotoka Kawangware kila asubuhi kwenda kufanya usafi katika nyumba za Lavington na Kileleshwa. Dawa ya kung'arisha ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, gesi ya klorini hutoka papo hapo. Ni gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Choo kidogo kilichofungwa hujaa haraka, na mapafu huungua. Mtu akichanganya kwa nia njema ili choo kitakate zaidi, hapati usafi zaidi. Dawa hizo mbili huharibiana.

Asidi na besi

Asidi hutoa ayoni za haidrojeni ndani ya maji, besi huziondoa. Kipimo chake, yaani pH, huenda kutoka 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Ndimu na siki ziko upande wa asidi. Majivu, sabuni na magadi ziko upande wa pili.

Magadi tunayotia katika maharagwe na mboga za kienyeji hutoka Ziwa Magadi, Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka wa 1911. Yakisafishwa hutoa kabonati ya sodiamu, na hii ndiyo inayonunuliwa na makundi ya vijana wanaotengeneza sabuni ya maji ya kuuza.

Mwenye kutaka kuona mmenyuko wa asidi na besi hana haja ya maabara. Na awatazame vijana hao. Asidi ya salfoniki, ambayo ni uji mzito wa kahawia, hutiwa katika maji, kisha kabonati ya sodiamu huongezwa kidogo kidogo. Povu huvimba kwa sababu kaboni dioksidi inatoka. Povu likikoma, asidi imekwisha. Chumvi ya kawaida hutiwa mwishoni ili sabuni iwe nzito. Sabuni inayomchubua mfuaji mikono mara nyingi ni ile ambayo mtengenezaji alikadiria kwa macho, ikabaki na asidi au besi isiyopata mwenzake.

Pombe

Miongoni mwa dhana za kemia ya kidato cha nne ni jamii ya alkoholi. Vitabu huipitia kwa kurasa chache tu. Nairobi imelipa karo yake kwa maisha ya watu.

Hamira hula sukari na kutoa ethanoli na kaboni dioksidi. Busaa huishia hapo. Ethanoli ikizidi kiasi fulani, hamira yenyewe hufa, na kwa hivyo pombe iliyochachuka tu haiwi kali sana. Anayetaka ukali hukeneka. Ethanoli huchemka katika nyuzi 78 na maji katika nyuzi 100, basi mchanganyiko ukipashwa moto, mvuke unaotangulia huwa na ethanoli nyingi. Mvuke huo ukipozwa hudondoka ukiwa chang'aa. Pipa, bomba na maji ya mto hufanya kazi ile ile ya vyombo vya kioo vya maabara.

Sasa tazama majirani wawili. Ethanoli ni C2H5OH. Methanoli ni CH3OH. Tofauti yao ni kaboni moja na haidrojeni mbili. Zote hazina rangi, zote huchanganyika na maji, zote hulevya, na harufu zao zinakaribiana. Zote huungua kwa mwali wa samawati, kwa hivyo wanaojipima kwa kiberiti hawajapima chochote.

Tofauti hudhihirika katika ini. Kimeng'enya cha ini hugeuza ethanoli kuwa vitu ambavyo mwili unaweza kuviondoa. Kimeng'enya hicho hicho hugeuza methanoli kuwa methanali, kisha asidi ya methanoiki, ile asidi iliyo katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Asidi hiyo huishambulia neva ya macho na kuifanya damu iwe na asidi nyingi. Mililita 10 tu za methanoli tupu zaweza kumpofusha mtu, na kiasi cha mililita 30 kimewahi kuua. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5.

Inafaa kulisahihisha jambo moja linalorudiwa sana. Chang'aa iliyokenekwa kwa nafaka na sukari huwa na methanoli kidogo mno. Halaiki ya vifo imetokea pale wafanyabiashara walipotia methanoli ya viwandani, inayokusudiwa kutengenezea rangi na gundi, kwa sababu ni rahisi na huongeza ukali bila kungoja kuchacha. Yaani tatizo halikuwa ufundi mbaya wa mkenekaji, bali hesabu ya faida.

Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, hasa Mukuru, na kuwapofusha wengine. Juni 2005, vifo vilitokea Machakos. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu, Kiambu na Kitui. Februari 2024, ilikuwa zamu ya Kirinyaga. Katikati ya hayo, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, inayofahamika kama sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka wa 1980, ikaruhusu itengenezwe kwa leseni na kwa kufuata viwango. Inayouzwa kwa kikombe vichochoroni haikuwahi kupata leseni hiyo.

Dalili za methanoli huchelewa, mara nyingi kati ya saa 12 na 24. Mnywaji hulala akidhani amelewa kama siku zote. Huamka akiwa na kichwa kizito, tumbo likisokota, akihema kwa kasi, na macho yakiona kama ukungu au theluji. Aonaye ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitalini wakati huo huo, wala asiambiwe apumzike.

Madaktari wana tiba inayotokana na kemia hiyo hiyo. Kwa kuwa kimeng'enya cha ini hupendelea ethanoli, mgonjwa huweza kupewa ethanoli kwa kipimo cha hospitali, au dawa iitwayo fomepizoli, ili kimeng'enya kishughulike huko huku methanoli ikitoka mwilini au damu ikisafishwa kwa mashine. Kuna waliosikia habari hizi nusunusu wakamwongezea mgonjwa chang'aa nyumbani. Chang'aa hiyo huenda ikatoka mtungi ule ule.

Mabati na maabara

Wekundu wa mapaa ya Kibera ni kemia ya kidato cha kwanza. Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni hupata kutu. Kikikosa kimoja, hakipati. Mabati hupakwa zinki, ambayo ni nyepesi zaidi kuingia katika mmenyuko kuliko chuma, kwa hivyo huliwa kwanza hata pale yanapokwaruzwa. Zinki ikiisha, kutu huanza. Mabati mepesi ya bei nafuu yamepakwa zinki kidogo, na hiyo ndiyo siri yote ya kuoza upesi.

Shule nyingi za mitaa hii, hasa zile zinazoendeshwa na jamii na mashirika, hazina maabara za kutosha, ilhali karatasi ya tatu ya kemia katika KCSE, 233/3, ni ya vitendo. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, ulisisitiza kuwa mwalimu abuni vifaa kutokana na mazingira yake. Mtaala wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, kwani KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023, lakini hitaji hilo halijaondoka na mtaala.

Mfano wa kifaa cha kubuni ni kiashirio cha asidi na besi. Petali nyekundu za hibiskasi, ua linalopandwa kwenye nyua nyingi za jiji, hupondwa katika kinu kidogo na kuchanganywa na spiriti, kisha maji yake huchujwa. Matone machache yakitiwa katika maji ya ndimu, wekundu hukolea. Yakitiwa katika maji yaliyolowekwa majivu ya jiko na kuchujwa, rangi huelekea kijani. Yakitiwa katika maji ya mfereji, mabadiliko huwa madogo, na mwanafunzi hutakiwa kuandika alichokiona, si alichotarajia kukiona.